Posho ina madini? Tupige hesabu kwa sahani

Juzi kwenye grupu letu la familia la WhatsApp mtu karusha voisi, nadhani wengi mmeshapata moja ya aina hiyo, mama mmoja anaongea haraka haraka kwamba wamepima posho, yaani unga wa mahindi tunaosongea ugali, wamekuta ina madini, tuache kula na tusambaze kwa wengine kumi. Nusu saa haijaisha Shangazi yangu wa Kasese, magharibi mwa Uganda, akanipigia. Nikajua ameogopa, kumbe wala, alikuwa hajaelewa tu watu wanalia nini, maana yeye kila akipeleka wajukuu kliniki kupimwa uzito anaambiwa mpe mtoto chakula chenye vitamini na madini, sasa posho ikiwa na madini si ndo vizuri?

Nikacheka sana, halafu baadaye nikaona kwamba yeye ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko grupu zima. Hili neno letu madini limebebeshwa mzigo. Dhahabu ya Busia ni madini, shaba ya Kilembe ni madini, chuma kilicho kwenye damu yako ni madini, na risasi, si ya bunduki bali ile metali inayodumaza akili ya mtoto, nayo ni madini. Na kitu kinachoshangaza ni kwamba hata mmea wenyewe unachanganyikiwa vile vile, mzizi wa mahindi hauna macho ya kusema wewe ni rafiki pita, wewe ni sumu baki nje. Hii habari yote ya metali nzito, zile metali zenye sumu kama risasi, kwenye nafaka inaanzia hapo kwenye mzizi, kwa hiyo naomba tuanzie hapo kabla hatujafika kwenye sahani.

Mmea unahitaji zinki, chuma, shaba, manganizi, vitu vidogo vidogo ambavyo bila hivyo haukui na punje yake haina faida. Mizizi ina vijilango vyake vya kuvipitisha. Sasa kuna metali inaitwa kadimiamu, kikemia inafanana na zinki kama mapacha, na penye zinki ardhini mara nyingi yenyewe haikosi. Ikifika kwenye mzizi inapita mlango huo huo wa wenzake, kwenye mpunga inapita zaidi mlango wa manganizi. Aseniki, sumu nyingine ya ardhini, nayo kwenye mpunga inaingia kwa mlango wa silika, ile silika inayofanya jani la mpunga likukate mkono ukiwa unapalilia. Risasi ni tofauti, yenyewe inang'ang'ania udongo, na hata ikiingia mzizini inabaki huko huko, inayofika mpaka kwenye punje ni kidogo sana, kwa hiyo ukikuta risasi nyingi kwenye unga, usikimbilie kulaumu shamba, nitarudi kwenye hilo.

Kuna kitu kingine watu hawakijui. Shaba, zinki na nikeli zikizidi sana ardhini mmea ndio unaoumia kwanza, majani yanakuwa njano, unadumaa, unakufa, haufiki hata kubeba hindi. Ni kama mmea unajitoa mhanga kabla yako. Kadimiamu haiko hivyo, mmea unaweza kuibeba mpaka kiwango cha kukudhuru wewe huku wenyewe unapendeza, kijani kabisa, punje zimejaa. Huwezi kuiona kwa macho na huwezi kuionja. Ndo maana wanaojua haya mambo wakisikia "metali nzito kwenye nafaka" jina la kwanza kuwajia ni kadimiamu, na kwa wali wanaongeza aseniki.

Sasa Shangazi anakaa Kasese kwa hiyo lazima tuongelee Kilembe. Mgodi ule ulianza kutoa shaba 1956, mwaka ule ule reli ya kutoka Kampala ilipofika Kasese, shaba ikawa inapandishwa treni mpaka Jinja kuyeyushwa kwa sababu umeme wa bwawa la Owen Falls ulikuwa kule. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ikafa. Mabaki yalibaki, yale mavumbi ya mwamba uliosagwa yakatolewa shaba, yakalundikwa bondeni kandokando ya mto Nyamwamba, na mengine yenye kobalti yalirundikwa chini kule Kasese mpaka 1999 ilipoanza kampuni ya kuyachakata kwa kutumia bakteria. Mto umefurika vibaya Mei 2013 na tena Mei 2020, na kila ukifurika unakwangua yale mabaki na kuyashusha kwenye mashamba na kuelekea Ziwa George. Watafiti waliopima udongo wa maeneo yale wamekuta shaba, kobalti na nikeli juu ya kawaida. Hiyo ni kweli na si ya kufichwa.

Ila watu wakisikia hivyo wanaleta mfano wa Japani, na hapo ndo panahitaji utulivu. Kule kulikuwa na mgodi wa Kamioka juu ya mto Jinzu, mkoa wa Gifu, maji ya mto yakimwagilia mashamba ya mpunga chini, mkoa wa Toyama, watu wakala wali ule miaka na miaka, na wanawake, hasa wakubwa waliozaa mara nyingi, wakaanza kuumwa mifupa, figo zinaharibika, mifupa inalainika mpaka mtu anakohoa na mbavu inavunjika. Ugonjwa wakauita itai-itai, yaani inauma inauma. Serikali yao ilikubali rasmi 1968 kwamba chanzo ni kadimiamu ya mgodi. Ukiangalia ramani unasema hii si Kilembe kabisa, mgodi juu, mto katikati, mashamba chini? Lakini Kamioka walikuwa wanachimba zinki na risasi, na mwamba wa zinki ndo unabeba kadimiamu, wakati Kilembe ni mwamba wa shaba na kobalti. Mlima ukiwa na mgodi haimaanishi sumu ni ile ile, lazima uulize walikuwa wanachimba nini. Na skimu ya umwagiliaji ya Mubuku ambako wanalima mpunga na mahindi hapo hapo Kasese inatumia maji ya Sebwe na Mubuku, mito mingine kabisa. Ningekuwa na shamba linalofikiwa na mafuriko ya Nyamwamba ningepima udongo kabla ya kupanda chochote, tena mboga za majani ningeziogopa zaidi ya mahindi, kwa sababu majani kama dodo, yaani mchicha, hubeba kadimiamu kuliko punje, na kati ya nafaka mahindi ni katika zile zinazobeba kidogo. Ngano na mchele ndo wabebaji.

Mchele una visa vyake. Shamba la mpunga likijaa maji, hewa inaisha kwenye udongo, kutu ya chuma iliyokuwa imeshika aseniki inayeyuka na kuiachia, mzizi unainywa. Ukikausha shamba, aseniki inatulia, lakini kadimiamu ambayo kwenye maji ilikuwa imefungwa na salfa sasa inafunguliwa, inaanza kuingia. Ukifunga mlango huu ule unafunguka, na sijui kama kuna zao jingine lina utani wa namna hii. Kwa hiyo mpunga wa bondeni kama wa Doho kule Butaleja unaokaa kwenye maji na huu wa mlimani tunaouita apulandi hautakiwi kuulizwa swali moja, wa kwanza muulize habari ya aseniki, wa pili muulize udongo wake una kadimiamu na una asidi kiasi gani, maana udongo wenye asidi huiachia kadimiamu kirahisi, na ndio moja ya sababu wataalamu wa kilimo wanasema weka chokaa.

Mbolea pia inalaumiwa, kwamba mbolea za fosfeti zina kadimiamu. Zipo zenye nayo, zile zinazotoka kwenye miamba iliyojengeka baharini. Fosfeti ya miamba ya volkano kama ya Sukulu hapo Tororo kwa kawaida ni aina yenye kadimiamu kidogo. Na jamani, Uganda tunatumia mbolea kidogo kuliko karibu nchi zote, wakulima wengi hawajawahi kufungua hata gunia moja, kwa hiyo hili si la kutukosesha usingizi.

Haya sasa tuje kwenye hesabu, hapa ndo voisi za WhatsApp zinapoteza watu. Codex, ile kamati ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, imeweka kikomo cha kadimiamu kwenye nafaka nyingi, mahindi yakiwemo, miligramu 0.1 kwa kilo. Ngano 0.2. Mchele uliokobolewa 0.4. Risasi kwenye nafaka 0.2. Aseniki ile mbaya kwenye mchele mweupe 0.2 na kwenye mchele usiokobolewa 0.35. Kwa nini mchele unaruhusiwa kadimiamu mara nne ya mahindi, tumbo la mla wali ni la chuma? Hapana, ni kwa sababu vikomo hivi vinawekwa kwa kuangalia afya na pia kuangalia nini kinawezekana shambani na sokoni, ukiweka kikomo cha chini sana kwa mchele unatupa chakula cha watu wengi. Kikomo ni makubaliano. Hakikujui wewe unakula sahani ngapi.

Mwili wako una kikomo chake kingine. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilisema 2010 kwamba mtu asizidishe maikrogramu 25 za kadimiamu kwa kila kilo ya mwili wake kwa mwezi. Wamehesabu kwa mwezi kwa sababu kadimiamu haina haraka, ikiingia kwenye figo inakaa miaka kati ya 10 na 30 kabla nusu yake haijatoka. Chukua mtu wa kilo 60, hiyo ni maikrogramu 1,500 kwa mwezi, yaani 50 kwa siku. Sasa mweke huyo mtu kwenye shule ya bweni, wote tuliopita huko tunajua, posho na maharage mchana, posho na maharage jioni, asubuhi uji wa unga ule ule. Tuseme anamaliza gramu 400 za unga mkavu kwa siku. Unga ukiwa umegusa kikomo cha 0.1, amekula maikrogramu 40. Unga umepita mtihani, umepigwa muhuri, na bado yeye kabakiwa na 10 tu za maharage, mboga na kila kitu kingine. Mtoto wa kilo 12 nafasi yake ni 10 kwa siku, na unga gramu 100 wa aina hiyo unaimaliza yote.

Kabla hujatupa gunia, geuza hesabu upande wa pili. Mahindi yaliyotoka kwenye udongo wa kawaida huwa chini sana ya 0.1, yakiwa na 0.01 mathalani yule mwanafunzi anakula 4 kwa siku, hakuna habari. Kwa hiyo sentensi "wamekuta posho ina kadimiamu" haina maana yoyote peke yake. Mashine za siku hizi zinaona mpaka vitu vidogo mno, na kadimiamu iko kwenye udongo wa dunia nzima, ukitafuta utaipata. Uliza ni kiasi gani. Uliza ni miligramu au maikrogramu maana nimeona watu wazima wenye digrii wanachanganya, na hapo kosa ni mara elfu moja. Uliza punje zilioshwa kabla ya kupimwa au walipima mahindi na vumbi lake. Na uliza ni mahindi ya wapi, gunia moja la sokoni Kampala haliwezi kuisemea nchi.

Halafu tusichanganye na sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Tanzania, malori yakalala mpakani, ile ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu inayotokana na mahindi kutokukauka vizuri. Ni kesi nyingine kabisa, ile inatengenezwa na kuvu shambani na ghalani na kwa maoni yangu kwa mahindi yetu ndo tatizo kubwa kuliko metali, unyevu ukishuka nayo inadhibitiwa. Metali haioti ghalani. Wala haifi kwa moto, upike ugali masaa mawili kadimiamu iko pale pale inakuangalia.

Nilisema nitarudi kwenye risasi. Mwaka 1982 kule Ukingo wa Magharibi, Palestina, vijiji vya eneo la Nablus watu waliumwa tumbo na kuishiwa damu, uchunguzi ukaishia kwenye unga, na shamba halikuwa na kosa. Vinu vya mawe vya kijijini vilikuwa vimekazwa vyuma vyake kwa kumimina risasi iliyoyeyushwa, na kila kinu kikizunguka risasi inalika kidogo kidogo inaingia kwenye unga. Sisi hatusagi kwa mawe hayo, tuna mashine za nyundo, pita Kisenyi pale Kampala usikie zinavyonguruma. Nyundo zikilika zinaacha unga wa chuma. Chuma hicho si risasi, ila nyundo zingine zinatengenezwa na fundi wa welding kwa chuma chakavu ambacho hakuna anayejua kilikuwa kina nini, na kuna jamaa mmoja aliniambia kwa kujiamini kabisa kwamba hiyo inaongeza damu bure. Haiongezi, vipande vile mwili hauvifyonzi vizuri, vinakwaruza tu. Dawa yake ni sumaku mdomoni mwa mashine, na unaweza kujaribu nyumbani, pitisha sumaku ya spika mbovu kwenye unga uone inatoka na nini. Risasi yenyewe inaingia kwa vumbi, mahindi kuanikwa pembeni ya lami ambako udongo bado una risasi ya zama za petroli ya zamani iliyoachwa Afrika yetu karibu 2006, au kuanikwa uani kwa fundi wa betri. Turubai la kuanikia linasaidia kuliko maabara. Na zile mbegu zenye rangi ya pinki au kijani usizioshe ukala hata njaa ikibana vipi, Iraki 1971 na 1972 watu walisaga ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki wakapika mkate, waliolazwa walipita 6,000 na 459 walifia hospitalini. Dawa za siku hizi si zebaki ila bado ni sumu.

Sasa Shangazi akaniuliza, basi nikoboe, maana uchafu si unakaa kwenye ganda? Hapa ndo nilipotamani awe karibu tuongee vizuri. Ni kweli kwa kiasi, mchele usiokobolewa una aseniki zaidi kuliko mweupe kwa sababu inajikusanya kwenye pumba, ndo maana hata Codex imeupa kikomo cha juu. Lakini chuma, zinki na vitamini za B nazo ziko huko huko kwenye pumba na kiini. Mahindi mazima yana chuma kama miligramu 2.7 kwa gramu 100 na zinki 2.2, ukitoa pumba na kiini chuma inabaki karibu 1.1 na zinki haifiki 0.7. Ile posho nyeupe namba moja tunayoringia wageni ni wanga umevaa shati safi, faida zimeenda kwa kuku. Sheria ya 2011 inataka viwanda vya kusaga zaidi ya tani 20 kwa siku virudishe virutubisho kwenye unga, mashine za mitaani ambako wengi tunasaga hazihusiki.

Na upungufu huo unarudi kwenye sumu kwa njia ambayo watu hawaitegemei. Utumbo wa binadamu nao una milango kama mzizi, na mlango wa chuma ni mlango ambao kadimiamu na risasi zinaupenda. Mtu akiwa na upungufu wa chuma mwili unafungua milango zaidi kuitafuta, na hao wengine wanapita na umati. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta watoto 53 kati ya kila 100 chini ya miaka mitano Uganda wana upungufu wa damu. Mtoto tayari anafyonza risasi karibu nusu ya anayoimeza wakati mtu mzima ni kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kumkobolea mtoto ili kumkinga na kadimiamu ambayo pengine haipo, huku unamnyima chuma ambayo ingepunguza hiyo kadimiamu kuingia, ni hesabu mbaya. Mpe uji wa ulezi, una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, mahindi hayana hata 10. Changanya nafaka, leo kalo, ugali wa ulezi, kesho posho keshokutwa matoke, shamba moja lisiwe na mwili wako wote.

Nafaka nzima ina kasoro moja, fitati, kitu kinachoshika chuma na zinki visifyonzwe. Kuotesha na kuchachua kunaivunja, na hapo Shangazi akafurahi maana mume wake ni Mkiga, bushera haikosekani kwake, ule uji wa Wakiga, mtama wa kimea unakaa siku mbili tatu mpaka unakuwa mchachu. Nikamwambia hiyo ndo yenyewe, wape watoto ile isiyochacha sana.

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, naichachulia kwenye ile sufuria kubwa niliyonunua kwa wale wanaoyeyusha vyuma, ina shida?

Mimi nilikuwa nimeongea nusu saa nzima kuhusu mashamba ya Japani na sikuwa nimefikiria sufuria. Sufuria za alumini ya kuyeyushwa kutoka chakavu, za namna hiyo zimepimwa Cameroon na zikakutwa zinaachia risasi kwenye chakula, na kitu kinachoivuta zaidi ni asidi. Bushera ni asidi, tena siku tatu. Nikamwambia apikie posho tu humo kama hana nyingine, kitu kichachu asiweke. Nikasikia anamwita mjukuu akamletee chungu cha bibi kilichoko nyuma ya nyumba, kile wanachowekea mahindi ya kuku, akioshe vizuri.